Ugonjwa wa Wenzetu

Sisi tuliozaliwa miaka ya hamsini tuna fahari ambayo hatuifichi: tumeona mengi. Tulichanjwa ndui utotoni, na makovu yake tunayo mikononi hadi leo. Mwaka 1977 kipindupindu kikaenea nchini nasi tukiwa vijana. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, na hatujamaliza kuwahesabu waliorudi na wasiorudi, ukimwi ukabisha hodi. Uzeeni, tuliposema sasa tupumzike, ikaja korona. Mtu aliyepita njia yote hiyo ungetegemea awe bingwa wa kujikinga. Hatukuwa mabingwa. Kila gonjwa lilitukuta tumekaa barazani tukieleza kwa ufasaha kwa nini litawapata watu fulani, na watu hao hawakuwa sisi.

Wataalamu wa semina wana jibu lao kwa hili: watu walikosa elimu. Mimi niliyeshika chaki miaka mingi sikubaliani nao. Elimu tulikuwa nayo. Redio ilisema, mabango yalibandikwa, zahanati ilifundisha, na mtoto wa darasa la tano aliweza kukutajia njia za maambukizi bila kuvuta pumzi. Methali ya mwenzako akinyolewa tuliifundisha, tukaitungia maswali ya mtihani, tukawasahihishia waliokosea. Tulijua kwamba ugonjwa upo na kwamba unaua. Kilichotushinda ni kuamini kwamba unatuhusu, na nadhani najua kwa nini kilitushinda.

Nianze na Kagera, kwa sababu ndiko nilikokuwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Kabla serikali haijaupa ugonjwa jina, wananchi walikwisha kuuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Ugonjwa ukawa wa wenye nguo hizo: wavuka mpaka na wanawake waliopendezwa na fedha zao. Mkulima mwenye migomba na mibuni yake, anayelala kwake kila usiku, akajihesabu nje ya habari hiyo. Baadaye wale wafanyabiashara wakazikwa. Wakafuata wake zao, kisha watu ambao hawakuwahi kuuona mto wa mpakani. Tukausogeza uzio: ni ugonjwa wa madereva wa malori na wahudumu wa baa, ni mambo ya mjini. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikwisha kutoa taarifa za wagonjwa, na kila mkoa ulikuwa na kundi lake la kunyooshewa kidole.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba kila uzio ulikuwa na punje ya ukweli ndani yake. Ni kweli wafanyabiashara wale walikuwa katika hatari kubwa kuliko mkulima. Ni kweli dereva anayelala njiani wiki nzima alikuwa katika hatari kubwa kuliko mwalimu wa kijijini. Lakini kutoka "wao wako hatarini zaidi" hadi "sisi hatumo" ni hatua fupi mno, na tuliiruka bila kujua kama tumeruka. Uongo mtupu tungeugundua mapema. Ukweli uliozidishwa kidogo tulikaa nao miaka kumi.

Macho nayo yalitusaidia kupotea. Virusi vya ukimwi hukaa mwilini mwa mtu asiyetibiwa kwa miaka, mara nyingi minane hadi kumi, kabla havijamdhoofisha. Sisi tulikuwa tunamtafuta mgonjwa kwa kumtazama: aliyekonda, mwenye vipele, anayekohoa. Aliyenawiri tulimwita salama. Vijana wa mjini walizichukua herufi za jina la ugonjwa kwa Kiingereza, AIDS, wakazifumbua: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Aliyeambukizwa wakasema amepata ajali kazini. Tulicheka. Watu wa nje waliosikia kicheko hicho walidhani ni cha watu waliokata tamaa, au cha majasiri wasioogopa kufa. Hapana. Anayesema acha iniue huku anaagiza bia nyingine ni mtu asiyesadiki hata kidogo kwamba yeye ndiye atakayeuawa.

Tena hakuwa mjinga. Alikuwa na ushahidi. Uwezekano wa kuambukizwa katika tendo moja la kawaida kati ya mwanamume na mwanamke ni mdogo, kwa wastani haufiki hata mara moja katika mia. Kwa hiyo aliyethubutu Jumamosi aliamka salama Jumapili, na aliyethubutu tena aliamka salama tena. Kila kuponea chupuchupu kulimwongezea ujasiri, akakuhesabu kama uthibitisho kwamba mwili wake una kitu ambacho miili ya wengine haina. Na hata pale bahati ilipomwisha hakupata habari, kwa kuwa dalili zilikuwa bado ziko mbali kwa miaka. Uzoefu ambao katika kilimo na uvuvi ndio mwalimu wetu mkuu, hapa ulifundisha kinyume. Wazee huulizwa wameonaje, nao hujibu walivyoona. Lakini anayejibu ni yule aliyebaki. Wenzake ambao wangetoa jibu tofauti hawapo barazani.

Kuna Msomali mmoja ambaye habari zake ningependa kila mjukuu wangu azijue. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, kusini mwa Mogadishu. Oktoba 1977 gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui lilifika hospitalini likitafuta njia ya kwenda kambi ya kuwatenga. Maalin akapanda kuwaelekeza, safari ya dakika chache. Hakuwa amepata kinga. Alisimulia baadaye kwamba aliiogopa sindano kwa kuwa ilionekana inauma. Siku chache baadaye akaugua, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya asili. Tazama mtu huyo alikuwa wapi. Alifanya kazi hospitali, katikati ya kampeni kubwa ya chanjo, na aliwaona wagonjwa kwa macho yake. Kama kuwa karibu na habari kungetosha kumlinda mtu, yeye angekuwa wa kwanza kulindwa. Alipona, na baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akiwasihi wazazi wasirudie kosa lake. Akafa mwaka 2013 kwa malaria, akiwa kazini katika kampeni hiyo.

Hadi hapa nimesema mambo yanayoweza kumpata binadamu popote. Sasa niseme letu, ambalo vitabu vya wataalamu wa nje hulipita kwa haraka. Kwetu sisi, kujihadhari na mtu ni kumtukana.

Uhayani mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa ya kutafuna. Akikataa amekataa urafiki, na watu wataulizana ana neno gani na wenye nyumba. Mkono ukinyooshwa hupokewa. Mgonjwa huenda kutazamwa, tena unakaa karibu na kitanda chake, maana ukisimama mlangoni umemwambia kwamba unamwona kama maiti. Haya ni mambo mazuri, nami sitaki yafe. Lakini yaliweka sharti moja zito juu ya afya zetu: hatari iliruhusiwa kutoka kwa mgeni, haikuruhusiwa kutoka kwa mtu wako. Mke aliyemwomba mumewe atumie kondomu alikuwa amemshtaki uzinzi, au amekiri wake. Wachumba walianza kwa kondomu wakaiacha mara walipozoeana, kana kwamba kuzoeana ni kipimo cha damu. Wengi waliopuuza hatari yao waliijua vizuri. Waliona tu aibu kuihesabu mbele ya watu wanaowapenda, na baada ya muda kitu usichokihesabu unaacha kukiona.

Basi ikaja korona, na yote niliyoyasimulia yakarudi kwa kasi, ya miaka kumi yakapita katika miezi kumi. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020: msafiri aliyetoka Ubelgiji na kushukia kaskazini mwa nchi. Kwa hiyo ulikuwa ugonjwa wa wazungu na wapanda ndege. Halafu ukawa wa Dar es Salaam. Halafu wa nchi za baridi, kwa maana jua letu lingeuchoma. Halafu ukawa wa watu laini, wanaokula vya kopo. Sisi tuliokua kwa ndizi, dagaa na mihogo tulikuwa na miili ya zamani. Tulijifukiza nyungu, tukanywa tangawizi na malimao, na sioni ubaya wa mvuke kwa pua iliyoziba. Ubaya ulikuwa pale mtu alipotoka ndani ya blanketi akaamini kwamba sasa amepata kibali cha kwenda popote.

Najua watakaosema lawama zote ni za wakubwa. Ni kweli kwamba baada ya mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu zilikoma kutangazwa, na kwamba Rais Magufuli alisema hadharani kuwa sampuli za papai na mbuzi zilirudishwa zikionyesha maambukizi, na mwezi Juni ikatangazwa kwamba nchi iko salama. Hilo lina uzito wake: raia akiambiwa na mkubwa wake kwamba hatari imekwisha, hahitaji tena kujidanganya mwenyewe. Lakini vuka mpaka uende Kenya. Huko waziri wa afya alisoma takwimu karibu kila siku, kafyu ikawekwa mwezi Machi 2020 na haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Bado barakoa nyingi zilining'inia kidevuni, zikipandishwa puani anapoonekana askari na kushushwa akishapita. Watu walimwogopa askari kuliko kirusi, kwa kuwa askari hukamata leo. Serikali mbili zilichukua njia mbili zilizopishana sana, na mioyo ya wananchi ikawa ile ile.

Kilichonihuzunisha zaidi ni sisi wazee. Katika ukimwi tulikuwa na udhuru kidogo: kila mmoja aliweza kujiambia kwamba kundi la hatari ni jingine. Katika korona kundi la hatari lilitajwa kwa sauti tangu miezi ya kwanza, kutoka China hadi Italia, nalo lilikuwa sisi: wenye umri mkubwa, wenye sukari, wenye presha. Tukaitikia kwa kichwa na kusema, masikini wazee. Tulizungumza kama watu wanaosikia habari za ukoo mwingine. Mzee anayepanda mwenyewe kwenda shambani hajihesabu mgonjwa, na presha haiumi, na sukari wengi wetu hatukuwahi kuipima. Kwa hiyo ukimuuliza kama ana maradhi ya kudumu atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hana. Hasemi uongo; hajapima tu.

Mwanzoni mwa 2021 taarifa za misiba zilijaa maneno "changamoto ya upumuaji". Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akiwa na umri wa miaka 77. Chama chake kilikwisha kutangaza mwezi uliotangulia kwamba ana korona, jambo ambalo siku zile lilihitaji ujasiri. Msemo wa kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua tulikuwa tumeusikia tangu utoto. Sasa tuliusikia kila wiki, makaburini.

Chanjo ilipoletwa, wazee tulipewa nafasi ya mbele. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani kuzindua kazi hiyo, na waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, wenye maradhi sugu na wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Nikawasikia watu wa rika langu, kovu la ndui likionekana chini ya mkono wa shati, wakisema mwili wangu sindano haiutaki. Walihofu damu kuganda, dhara ambalo kweli lilikuwepo, nalo lilitokea kwa watu wachache katika kila dozi milioni moja. Hofu ya ugonjwa wenyewe, unaoua wazee kwa kiwango ambacho hakilinganishwi na hicho, haikuwakosesha usingizi. Nimejiuliza sababu. Nadhani ni kwamba sindano unaifuata kwa miguu yako, na likitokea baya utaambiwa ulijitakia. Ugonjwa unakuja wenyewe, na anayeuawa nao husemwa siku yake ilikuwa imefika. Tuliipima lawama tukadhani tunapima hatari.

Kuhusu siku kufika nina neno. Mimi ni mtu wa ibada na siogopi kusema kwamba uhai una mwenyewe. Lakini wale wanaoniambia siku ikifika imefika nawaona wakitazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara, na usiku wanafunga milango kwa komeo. Imani hiyo huitwa kazini pale tu tahadhari inapokuwa na usumbufu au aibu. Tusimbebeshe Mungu uzembe wetu.

Vijana nao wasitucheke mapema. Wakati wa korona walisema ni ugonjwa wa wazee, na kwa hesabu za vifo walikuwa na haki. Lakini wao ndio waliosafiri, wakaja kututembelea, wakatukumbatia. Na katika ukimwi naona wanaanza njia tuliyoipita. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa na serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo, utafiti wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta watu saba katika kila mia wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na virusi. Leo kiwango kimeshuka na watu wanaishi, wanazaa, wanazeeka. Ni neema kubwa. Ila kijana ambaye hakuwahi kuchimba kaburi kila wiki anauona ukimwi kuwa ugonjwa wa enzi za babu. Sisi tuliupeleka kwa majirani, yeye anaupeleka kwenye historia. Wasichana hasa bado wanaambukizwa kila mwaka.

Na hatari haikuachana na mkoa wetu. Tarehe 21 Machi 2023 ulitangazwa mlipuko wa kwanza wa virusi vya Marburg Tanzania, katika wilaya ya Bukoba Vijijini: wagonjwa 9, vifo 6. Januari 2025 ukatokea tena Biharamulo, na kati ya wagonjwa 10, waliothibitishwa na waliodhaniwa, hakupona hata mmoja. Virusi hivyo hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Havina haja na wapita njia. Huwafuata wanaouguza, wanaoosha maiti, wauguzi wanaomshika mgonjwa. Ugonjwa wa namna hiyo hauachi nafasi ya uzio wetu wa zamani: anayeleta hatari ndiye anayekupenda, na anayeambukizwa ni yule aliyefanya wajibu wake.

Ndiyo maana sidhani kwamba mabango zaidi yatatuokoa. Kitakachotuokoa ni kuondoa tusi katika tahadhari, na hilo tunaweza, maana tumelifanya zamani. Kabla ya chakula mtoto hupita na birika na beseni akiwanawisha wageni. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza, je, mnasema mikono yangu ni michafu? Haulizi kwa sababu mbili: wananawa wote, na anayeanza ni mkubwa. Yamewekwa kuwa adabu, na kitu kikishakuwa adabu hakimshtaki mtu. Kliniki za wajawazito zilifuata njia hiyo hiyo bila kutangaza: kipimo cha virusi vya ukimwi kilipofanywa sehemu ya kawaida ya mahudhurio, mama akawa haulizwi tena kwa nini kapimwa. Na tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe Mama Salma walipopima mbele ya umma, walikuwa wanafanya kazi ya yule mkubwa anayenawa kwanza.

Kwa hiyo, gonjwa lijalo, na litakuja, wazee wenzangu tuache kuuliza linachukua watu gani. Tuulize linapita wapi, kisha tuitazame siku yetu tangu asubuhi hadi jioni tuone linapitia saa ngapi: kwenye mkono wa salamu, kwenye kibuyu cha rubisi, kwenye matanga, kitandani. Tupime presha na sukari kabla halijafika, ili tujue tumo kundi gani. Na neno la kwanza tuliseme sisi. Mjukuu hawezi kusimama hatua mbili kutoka kwa babu yake bila kuonekana kapotoka malezi. Nyumba nzima itamshangaa, hata kama anafanya hivyo kwa kunihurumia. Mimi ndiye mwenye uwezo wa kumwondolea kosa hilo. Nikimwambia mapema, "Mjukuu wangu, ukija kuniona vaa barakoa na kaa pale karibu na dirisha, mimi ndiye niliyetaka," hapo anapokaa mbali atakuwa amenitii.